Dischaji bila harufu wala kukakamaa: uoshe, upunguze dawa, au ubadili wino?

Mteja akiagiza fulana nyeusi na akasisitiza maandishi yasiwe mazito kifuani, wino wa dischaji ndio unaojibu ombi lake vizuri kuliko mwingine wowote. Ni wino wa maji uliochanganywa na dawa inayong'oa rangi ya kitambaa na kuacha rangi mpya ndani ya uzi wenyewe, kwa hiyo hakuna tabaka linalokaa juu. Ila ni wino huohuo unaorudisha wateja dukani na malalamiko: "Kaka, hizi fulana mbona zinanuka kiberiti? Na hapa palipochapwa panakwaruza." Baada ya oda mbili za namna hiyo wachapaji wengi huachana nao. Naona wanauacha mapema mno. Wapo pia wanaoung'ang'ania kwenye kazi ambazo plastisoli, ule wino wa plastiki unaokaa juu ya kitambaa, ingezifanya vizuri zaidi, na hao nao nitawagusa.

Ninayemwandikia ni mchapaji mdogo wa Kigoma, mwenye karakana ya chumba kimoja au viwili pale Mwanga, Gungu au Ujiji, fremu za mkono zenye wavu wa kupitishia wino, mashine ya pasi au flashi (hita ya umeme inayokaa juu ya fulana bila kuigusa), na hana tanuri la mkanda. Mwenye tanuri refu linalopuliza upepo wa moto ana matatizo yake, lakini mengi ya haya hayamsumbui.

Jambo la kukubaliana mapema ni kwamba harufu na kukakamaa ni kasoro mbili tofauti. Zinatokea kwenye fulana moja, ndiyo maana watu hutafuta tiba moja. Harufu inatokana na kemikali iliyobaki kwenye kitambaa, na tiba yake kubwa inakuja baada ya kuchapa. Kukakamaa kwa sehemu kubwa kunaamuliwa kabla hujashika skwiji, ule mpira wa kusukumia wino: wavu uliochagua, kiasi cha rangi nyeupe ulichotia, aina ya fulana uliyonunua. Fulana iliyopakwa weupe mzito unaweza kuiosha hadi ichakae, bado itakukwaruza.

Kinachonuka

Ile dawa ya unga inaitwa zinki formaldehaidi sulfoksileti. Ikipata joto pamoja na unyevu, inavunja vifungo vya rangi iliyotiwa kwenye pamba, na rangi inapotea. Kazi hiyo ikiisha inaacha mabaki: gesi zenye salfa, formaldehaidi, chumvi za zinki, na unga ambao haukuwahi kufanya kazi. Gesi nyingi huruka na mvuke wakati wa kuivisha. Zinazobaki ndizo mteja anazozinusa.

Formaldehaidi si ya kupuuzwa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka kundi la 1, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, mwaka 2004. Umoja wa Ulaya, tangu Novemba 2020, hauruhusu zaidi ya miligramu 75 kwa kilo ya nguo inayogusa ngozi. Simaanishi kwamba fulana moja ya kikoba itamdhuru aliyeivaa. Anayevuta nyingi ni wewe uliyesimama juu ya mashine ya pasi kutwa nzima, mlango umefungwa vumbi lisiingie. Fungua madirisha pande mbili, weka feni inayotoa hewa nje badala ya kuizungusha humohumo ndani, na uvae glavu unapochanganya. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi.

Habari njema ni kwamba formaldehaidi inayeyuka kirahisi sana kwenye maji, na dawa iliyobaki vilevile. Habari mbaya ni kwamba unyevu na joto vinaiamsha tena ile iliyobaki. Ndiyo maana fulana inaweza kutoka dukani haina harufu, imekaa siku mbili kwenye kamba, halafu ikaanza kunuka mwenyewe akitoka jasho kwenye daladala au masika yakiingia. Mteja anadhani umemuuzia fulana mbovu.

Kuna chanzo kingine ambacho hapa kwetu kina uzito wa pekee. Unga huu unaharibika ukipata unyevu. Ukiuhifadhi kwenye ndoo inayofunguliwa kila siku, miezi ya mvua unashika mabonge na kupoteza nguvu. Mchapaji anaona rangi haing'oki vizuri, anaongeza kijiko, kisha kingine. Sasa ana wino uliojaa unga uliokufa, ambao haung'oi kitu ila unanuka vilevile. Gawa unga kwenye chupa ndogo zenye mfuniko wa kubana mara tu unapoupokea, na ufungue moja moja.

Kuosha, kuanika, au kupitisha joto mara ya pili

Hizi ndizo njia tatu ambazo mtu anaweza kuzichagua fulana ikiwa imeshachapwa.

Kuanika ndiyo rahisi na ndiyo wengi wanayofanya. Unazitundika fulana mahali penye upepo, siku moja au mbili, na gesi inapungua kweli. Lakini chumvi na unga vinabaki palepale kwenye uzi. Ni hatua nzuri ya kuanzia, haitoshi kuwa ya mwisho. Kosa linaloniudhi zaidi kwa wachapaji wetu ni kukunja fulana zikiwa bado za moto na kuzitia kwenye mifuko ya nailoni. Gesi yote iliyotakiwa kuruka inafungiwa humo, na mteja anapofungua mfuko nyumbani kwake inamtoka usoni.

Kupitisha joto mara ya pili kunasaidia kuliko kuanika, maana kunamalizia dawa ambayo haikupata muda wa kufanya kazi na kufukuza gesi iliyobaki. Ubaya wake ni umeme, muda, na hatari ya kuichoma pamba. Pamba iliyopata joto la kupita kiasi inageuka njano kidogo na kuwa kavu mkononi, kwa hiyo unaweza kuondoa harufu na kuongeza kukwaruza kwa pigo moja. Ukitumia njia hii, joto libaki lilelile la kwanza, usilipandishe.

Kuosha ndiko kunakomaliza kazi. Hakuna njia nyingine inayoondoa chumvi, dawa na formaldehaidi kwa pamoja, na kunatoa pia gundi ya kuzidishia wino uzito, ambayo ndiyo inayofanya chapa mpya ya dischaji ikwaruze kidogo kabla ya kufuliwa. Chapa ileile unayoishika leo na kuiona ngumu, baada ya kuoshwa mara moja mara nyingi hutaihisi kabisa. Kama utachukua ushauri mmoja tu kwenye ukurasa huu, chukua huo.

Kwa nini basi watu hawaoshi? Sababu zao zina maana. Kuosha fulana hamsini kwa mkono ni kazi ya siku nzima. Pamba inarudi ikifuliwa, hasa ile ya bei ya chini, na mteja aliyeagiza saizi ya kati anaweza kulalamika imembana. Fulana iliyofuliwa haina tena ule mkunjo wa dukani. Na gharama ya dobi lazima ailipe mtu. Mimi naona gharama hiyo iandikwe kwenye bei tangu mwanzo, kama kipengele chake chenyewe, ili mteja achague. Wapo wanaosema wataosha wenyewe. Hilo linakubalika kwa mtu mzima anayejua anachopewa, mradi umwambie waziwazi kwamba aioshe kabla ya kuivaa, na uandike kwenye risiti.

Namna ya kuosha ina mambo yake, na hapa Kigoma lipo moja ambalo maelekezo ya kwenye ndoo ya wino hayalijui. Subiri siku nzima baada ya kuchapa ili wino ushike sawasawa. Kama umetia dawa ya kushikizia wino kwa joto dogo, subiri siku mbili. Loweka kwanza kwenye maji baridi mengi, bila sabuni, ukizigeuza fulana ndani nje. Mwaga maji hayo. Ndipo ufue kwa sabuni kwenye maji ya uvuguvugu, kisha suuza mara mbili.

Sabuni ya kipande ya mawese ni nzuri kwa mambo mengi na inatengenezwa hapahapa mkoani, lakini kwa kazi hii siipendekezi. Maji ya bomba mjini yanavutwa kutoka ziwani, na maji ya Ziwa Tanganyika yana magnesiamu nyingi, tena ni ya alkali, pH yake inakaribia 9. Sabuni ya kipande ikikutana na magnesiamu inatoa utando mweupe unaonata kwenye uzi. Fulana inatoka imekakamaa zaidi ya ilivyoingia, na yule aliyefua anaulaumu wino. Sabuni ya unga haifanyi utando huo. Miezi ya mvua kinga maji ya bati, tumia hayo kusuuzia mara ya mwisho. Ni maji laini na utaona tofauti mkononi.

Dawa ya kulainisha nguo, kidogo, kwenye maji ya mwisho inasaidia. Isiwe badala ya kuosha: fulana isiyooshwa ikitiwa manukato ya kulainisha inanuka maua na kiberiti kwa pamoja, na sijui kama kuna harufu mbaya kuliko hiyo. Kama harufu inakataa kutoka, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 inayouzwa maduka ya dawa inaweza kutiwa kidogo kwenye beseni la kusuuzia. Inamalizia ile dawa iliyobaki kwa kuigeuza kemikali isiyonuka. Jaribu kwanza kwenye pindo la ndani. Jik usiiguse, itakula rangi ya fulana yenyewe.

Jambo la mwisho kuhusu maji. Usipeleke fulana hizi kufulia ufukweni, iwe Kibirizi au kwingine. Zinki ni sumu kwa samaki na viumbe wa majini, na mwalo si mahali pa kusuuzia karakana. Oshea nyumbani. Wino uliobaki uache ukauke kwenye gazeti, utupe mgumu. Na ukishautia dawa usiufunge kwa mfuniko wa kubana, maana unatoa gesi na ndoo inavimba.

Dawa asilimia 6 au 3?

Watengenezaji wengi wanapendekeza asilimia 6 ya uzito, yaani gramu 6 za unga kwa gramu 100 za wino. Ni kipimo cha usalama wao, kinachotosha fulana nyingi ngumu. Fulana nyingi nyeusi za pamba nyepesi zinang'oka vizuri kwa 4, na nyingine hata kwa 3. Kila gramu uliyoiacha kwenye chupa ni harufu ambayo hutaiosha baadaye.

Mzani mdogo wa jikoni unaopima gramu ndio kifaa chenye faida kubwa kuliko chochote utakachonunua kwa kazi hii, na bei yake ni ndogo. Anayepima kwa kijiko anachapa oda tatu tofauti kwa jina moja. Changanya wino unaotosha muda wa saa nne hadi nane tu; baada ya hapo nguvu inapungua na unarudi kwenye mtego wa kuongeza unga.

Kabla ya kuamua kipimo, jaribu kwenye pindo la ndani la fulana moja kwa asilimia 3, 4 na 6, madoa matatu pembeni kwa pembeni, uyaivishe pamoja. Chagua dogo zaidi lililong'oa. Kama hata 6 halikung'oa, tatizo ni rangi ya fulana na kupanda hadi 10 hakutaleta kitu isipokuwa moshi. Bluu ya kifalme, feruzi na kijani kikali mara nyingi zimetiwa rangi yenye shaba ndani yake ambayo dawa hii haiivunji vizuri, na zambarau nayo ni msumbufu. Nyeusi nyingine za bei nafuu zinaishia kahawia. Kwa hiyo anayekuletea fulana za kijani za chama au za Yanga akitaka dischaji, mwambie mapema.

Dawa mbadala ipo: thiourea dioksaidi, ambayo wauzaji wanaitangaza kuwa haina formaldehaidi. Ni kweli haina, na kwa mapafu yako huo ni unafuu mkubwa. Harufu ya salfa bado ipo, kwa hiyo usidhani umekwepa kuosha. Kama unachapa dischaji kila wiki kwenye chumba kisicho na hewa ya kutosha, ningeitafuta hata kama bei ni ya juu. Kwa anayechapa mara moja moja, feni na mzani vinatosha.

Kuivisha: mashine ya pasi au flashi

Dawa inahitaji vitu viwili kwa wakati mmoja, joto na unyevu. Wino wenyewe, si bati la mashine, lazima ufike nyuzi 160 za sentigredi na kukaa hapo dakika mbili hadi tatu, na lazima uingie kwenye joto ukiwa bado mbichi. Ukiuacha ukauke juu ya meza wakati unachapa nyingine ishirini, hauna mvuke tena. Unang'oa nusu, na dawa isiyofanya kazi inabaki kunuka.

Flashi ina faida kubwa hapa kwa sababu iko wazi. Mvuke na gesi vinaondoka vyenyewe, na ukiweka feni ndogo inayopita juu ya fulana bila kuipoza, unakaribia upepo wa tanuri. Tatizo lake ni kutolingana: katikati panaiva, pembeni hapajafika. Zungusha fulana nusu ya muda. Kipimajoto cha kuelekeza, kile chenye taa nyekundu, kinakuonyesha sehemu gani inabaki nyuma.

Mashine ya pasi inatoa joto sawia, lakini ukiifunga moja kwa moja umeufungia mvuke ndani. Chapa inang'oka vizuri machoni, gesi inazama kwenye kitambaa, na ndizo fulana zinazonuka kuliko zote. Iache bati lake likae juu kidogo ya fulana bila kugusa, kama dakika moja, mvuke ukipungua ndipo uifunge ukiwa umeweka karatasi ya kuokea katikati. Funga sekunde thelathini, fungua ipumue, funga tena. Inachosha na inakula muda. Kati ya hizi mbili, kwa dischaji nachagua flashi, na mashine ya pasi naibakizia plastisoli na karatasi za kubandika.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, toa fulana iliyokuwa kwenye joto uiweke pembeni kama iliyoharibika. Kuirudisha baada ya nusu saa hakuokoi rangi, maana imeshakauka.

Kukakamaa: wavu, weupe, na fulana yenyewe

Dischaji isiyo na rangi yoyote inaacha rangi ya asili ya pamba, krimu kidogo. Hiyo ndiyo chapa laini kuliko zote. Ukifumba macho huijui ilipo. Ukitia rangi nyekundu au ya njano bado ni laini, maana rangi hizo ni kidogo na zinaingia ndani ya uzi. Shida inaanza kwenye nyeupe. Weupe wa kweli unahitaji unga wa titani mwingi, na unga huo pamoja na gundi yake unakaa juu ya kitambaa. Mteja anayesema "nataka nyeupe pee, kama karatasi" amechagua kukakamaa bila kujua. Mwonyeshe krimu kwenye fulana nyeusi kabla hujamkubalia. Wengi wakiiona wanaipenda, hasa kwa michoro ya mtindo wa zamani. Wachache watasisitiza pee, na hao ningewapa plastisoli.

Wavu wa nyuzi 43 kwa sentimita unamwaga wino mwingi, unafaa maandishi makubwa na vitambaa vinene. Kwa kazi nyingi 55 au 61 unatosha, unaokoa wino na unaacha mguso mwepesi. Pitisha skwiji mara mbili kwa mkono thabiti, ya kwanza kujaza na ya pili kusukuma wino uingie ndani. Kupitisha mara nne hakuongezi ung'avu, kunarundika tu. Emalsheni, yaani dawa inayoziba wavu pasipotakiwa wino, iwe ile inayovumilia maji, vinginevyo fremu itaanza kuyeyuka kabla ya fulana ya kumi.

Kuhusu fulana, pamba iliyochanwa vizuri na kusokotwa kwa uzi mwembamba inakaa laini baada ya dischaji. Pamba ya uzi mnene usiochanwa ina vinyweleo, na joto pamoja na dawa vinavisimamisha. Hata bila wino, mkononi inakwaruza. Fulana za mitumba ni bahati nasibu kwa sababu hujui mchanganyiko wake. Chomoa uzi kwenye pindo, uchome: pamba inaungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini, polista inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kitambaa cha nusu kwa nusu kinang'oka nusu, kinatoa rangi iliyopauka. Wengine wanaipenda hiyo sura. Jezi za polista tupu, zile za mashabiki wa Mashujaa na timu nyingine, hazing'oki kabisa, zitakupa harufu bila picha.

Kama si dischaji, ni nini?

| Njia | Harufu kwa mvaaji | Mguso kwenye fulana nyeusi | Ushauri wangu |
|---|---|---|---|
| Dischaji iliyooshwa | Karibu hakuna | Laini kuliko zote | Pamba tupu, oda yenye muda wa kuosha |
| Dischaji isiyooshwa | Kali, inarudi kwa jasho | Inakwaruza hadi ifuliwe | Kwa mteja aliyekubali kuosha mwenyewe tu |
| Wino wa maji mzito wa kufunika | Kidogo | Wa wastani, mkavu kidogo | Unaziba wavu upesi kwenye joto letu |
| Plastisoli | Hakuna baada ya kuiva | Mzito, hautoi hewa | Nyeupe pee, mchanganyiko, oda za haraka |
| Picha ya filamu ya kubandika | Hakuna | Kama plastiki nyembamba | Picha za rangi nyingi, fulana chache |

Plastisoli inastahili utetezi kidogo, maana sifa yake mbaya imetokana na wanaoichapa vibaya. Haikauki kwenye wavu, kwa hiyo unaweza kwenda kula mchana na fremu ikakusubiri. Ikichapwa kwa wavu wa 61 au 77, tabaka mbili nyembamba na flashi katikati badala ya moja nene, na kuchanganywa na kilainishi chake, inakuwa nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Jasho halipiti, hilo ni kweli, na mraba mkubwa wa plastisoli kifuani saa nane mchana Ujiji ni adhabu. Kwa nembo ndogo ya mfukoni haina shida yoyote.

Usisahau pia njia rahisi kuliko zote: kumshawishi mteja achukue fulana ya rangi nyepesi. Kwenye nyeupe, krimu au njano hafifu, wino wa kawaida wa maji unaingia ndani ya uzi bila kung'oa chochote. Hakuna dawa, hakuna kiberiti, na mguso unalingana na dischaji.

Oda kwa oda

Sare za harusi au kikoba, pamba tupu, zinatakiwa baada ya wiki mbili: dischaji kwa asilimia 4, flashi, kuosha kwa dobi, na bei ya dobi ndani. Hapa dischaji haina mpinzani.

Fulana za msiba au za mkutano zinazotakiwa keshokutwa: plastisoli. Hakuna muda wa kusubiri wala kuosha, na hakuna anayetaka kunuka kiberiti kanisani au msikitini.

Fulana za kuuzia wageni wanaokwenda Gombe: dischaji ya krimu, na hapa uoshe kabla ya kuuza hata kama inapunguza faida. Mgeni anaivaa siku hiyohiyo, kwenye boti, juani, na hatakuwa Kigoma wiki ijayo kukwambia ilinuka.

Sare za michezo za shule, kitambaa hujui: choma uzi kwanza. Ukipata kidonge, funga ndoo ya dischaji.

Nguo za watoto wadogo sichapi dischaji kabisa, hata mzazi akiniahidi ataziosha. Nachukua fulana nyeupe na wino wa kawaida wa maji, nauivisha vizuri, nafua mara moja kwa sabuni isiyo na manukato, na bei inabaki ileile.